Wanafunzi wenye akili mingi: makofi peke yake haitoshi, tuwape somo linalofuata

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa humanité, wazazi na walimu, Goma

  Tunajua siku ya posho ni siku ya kufua, ya kuchota maji na ya soko, na bado mumekuja. Hatutapoteza wakati wenu.

Leo tunataka kusema juu ya wanafunzi ambao hakuna mtu anawaombea kitu, sababu wote wanafikiri hawana shida. Ni wale wa kwanza mu darasa. Siku ya kutangaza matokeo majina yao yanaitwa, wazazi wanapiga makofi, poda inamwangwa ku kichwa, picha zinapigwa. Mwezi wa tisa wanarudi ku banki lile lile, mu darasa la watu 60 ao 70, na mwalimu anaanza somo ambalo wao walishaelewa mu siku mbili. Wanasubiri wengine. Wanasubiri mwaka muzima.

Mwalimu hana kosa. Mtu mmoja mbele ya watoto 70, anayelipwa kwa kuchelewa, hawezi kuacha darasa ili atafutie mmoja mazoezi magumu zaidi. Lakini mtoto naye anaumia. Akili ikikosa kazi inazoea uvivu. Tumeona mu kartie zetu vijana waliokuwa wanatatua hesabu za mwaka wa ine wakiwa mwaka wa kwanza, na walipofika mwisho walikuwa wamechoka na shule, wanasoma tu ya kupita. Wengine wanabaki kuuza unité pembeni ya barabara, na wanahesabu faida yao kwa kichwa, bila kalkileta. Akili iko pale pale, mahali pa kuitumia njo panakosekana.

Na tusisahau kwamba mwenye kipaji si lazima yule wa pointi 80. Kuko yule anayepata 55 lakini ametengeneza radio iliyokufa. Kuko msichana ambaye haongei mu darasa, na daftari lake la nyuma limejaa mazoezi aliyojitungia mwenyewe. Hao nao tunawazungumzia.

Mbele ya kuendelea, tujibu ulizo moja, sababu tunajua liko mu vichwa vyenu. Kila mara tunapopita kwa vijana, wanatuambia: "Yaya, nyinyi mulisoma mpaka iniversite, mukabeba diploma. Sasa kazi iko wapi? Masomo iliwasaidia nini?"

Ni ulizo la haki, hatutalikimbia. Ndiyo, wengi wetu tuko na diploma mu sanduku na hatuna kazi. Lakini muangalie vizuri sababu. Hatukosi kazi eti kwa kuwa muji huu hauna kazi ya kufanya. Muinue macho, muangalie Nyiragongo. Mlima huo ulilipuka mwaka 1977, mwaka 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, usiku, bila onyo kufika kwa raia. Mu ile miezi ya mbele, wataalamu wa Observatoire ya volkeno walikuwa wamekosa hata feza ya intaneti ya kupokea habari kutoka ku vyombo vilivyowekwa ku mlima. Watu wanaojua kusoma mitetemeko ya udongo, tunawahitaji wangapi? Kisha mushushe macho, muangalie Ziwa Kivu. Chini ya maji yale kuko gaz ya metani, kilomita kyubi karibu 60. Upande wa pili wa ziwa wanaitolea umeme tangu miaka. Upande wetu tunawasha mshumaa.

Kwa hiyo kazi ya akili iko mingi. Kinachokosekana ni uongozi unaoweka feza mahali akili inahitajika, na ile ni mapambano yetu ya kila siku. Lakini siku uongozi utabadilika, ni nani atasimama aseme "mimi naweza"? Yule aliyejifunza. Kama leo tunaacha vichwa vyetu vizuri vilale, hata siku ya mabadiliko tutaomba wataalamu kutoka inje, na tutawalipa kwa dola.

Sasa tuingie mu jambo lenyewe: masomo ya juu yanayopatikana ku intaneti, na namna mwanafunzi wa humanité anaweza kuyashika.

Kuko mfano mmoja kutoka mbali, Mongolia, nchi ya baridi kali mu Asia. Mwaka 2012, chuo cha MIT cha Marekani kiliweka ku intaneti, bure, kozi yake ya saketi na elektroniki, ile wanafunzi wake wenyewe wanasoma ku iniversite. Watu zaidi ya 150,000 mu dunia yote wakajiandikisha. Waliomaliza na kupita ni karibu 7,000. Waliopata pointi zote bila kupoteza hata moja ni 340. Mu hao 340 kulikuwa mvulana wa miaka 15, mwanafunzi wa sekondari mu muji wa Ulaanbaatar, jina lake Battushig Myanganbayar. Baadaye MIT ilimpokea kama mwanafunzi wake.

Watu wengi wakisikia hadisi hii wanasema: "Unaona, intaneti inatosha!" Hapana. Musikie sehemu inayobaki. Mkubwa wa shule yake, Enkhmunkh Zurgaanjin, alikuwa Mmongolia wa kwanza kumaliza masomo MIT. Yeye njo alileta kozi ile mu shule, akakusanya wanafunzi karibu 20, wakasoma pamoja. Akamwita pia mwanafunzi mmoja wa Stanford, Tony Kim, aje na vyombo vya elektroniki, awafundishe kwa mikono kwa majuma kadhaa. Kozi ilitoka mbali, lakini watu walikuwa karibu.

Sasa mupige hesabu nyinyi wenyewe: watu 7,000 mu 150,000 haifiki hata tano mu mia. Wengine wote walikuwa na intaneti, na wengi wao walikuwa watu wazima wenye diploma. Walianza, wakaacha. Kozi ya peke yako, usiku, bila mtu wa kukuuliza "umefika wapi?", inamshinda hata mkubwa. Kwa hiyo kama tunamwambia mtoto "nenda ku intaneti, kila kitu kiko kule", tumemdanganya nusu. Anahitaji vitu vitatu: kozi inayomfaa, namna ya kuifikia bila kumaliza makuta ya mama yake, na mtu wa kutembea naye.

Tuanze na kozi. Hatutawapa majina makumi mawili, mutaenda nayo nyumbani bila kujua ya kushika. Tutasema chache, za bure, tunazojua zinafaa.

Kwa hesabu, uanze na Khan Academy. Iko kwa Kifaransa, haiombi feza, na inatoka ku kuhesabu mpaka ku derive na integrale. Uzuri wake ni mazoezi: ukikosea inakuonyesha hatua kwa hatua, na unaweza kurudia mpaka ushike. Hata kama wewe ni wa kwanza mu darasa, anza nyuma kidogo. Wenye akili wengi wanabeba matundu ya miaka ya zamani, walipita juu sababu pointi zilitosha. Matundu yale njo yanawaangusha mbele.

Kwa kuandika programu za kompyuta, kuko France-IOI. Ni ya Kifaransa na ya bure, na njo mahali vijana wa Ufaransa wanajitayarishia mashindano ya dunia ya informatike. Unaanza bila kujua kitu, unatatua tatizo moja mbele ya lingine. Kuko pia chuo cha EPFL cha Lausanne, mu Uswisi, chenye kozi za kwanza za programu kwa Kifaransa, za lugha ya C++ na ya Java. Mwenye anasikia Kiingereza anaweza kwenda ku CS50 ya Harvard. Ni ngumu, lakini inafundishwa vizuri sana.

Mwenye anataka kuonja masomo ya iniversite, kuko FUN, jukwaa la iniversite za Ufaransa lililoanzishwa mwaka 2013. Na kuko OpenCourseWare ya MIT, kwa Kiingereza: kozi nzima, mazoezi na majibu yake, hakuna kujiandikisha, hakuna cheti. Unachukua, unasoma, basi.

Jambo moja la kuangalia: kusoma na kupata cheti ni vitu viwili. Ku majukwaa mingi unaweza kusoma bure, lakini cheti kinaombwa dola. Mbele ya kubonyeza popote, soma vizuri. Na tuseme wazi: cheti cha ku intaneti hakichukui nafasi ya diploma ya Serikali. Exetat inabaki exetat. Masomo haya ni ya kukufanya uingie iniversite ukiwa na nguvu, si ya kuruka exetat. Tena, mtu anayekuandikia ku WhatsApp kwamba amekupatia burse, utume kwanza feza ya "dosie" kwa Mobile Money, huyo ni mwizi. Usimjibu.

Jambo la pili: namna ya kufika. Tunajua bei ya mega. Video moja ya saa moja inaweza kula forfe ya siku yote, na umeme ukikatika katikati umepoteza vyote. Hapa njo wengi wanakata tamaa. Lakini kuko njia ambayo haisemwi sana: kusoma bila intaneti.

Kuko programu inaitwa Kolibri, ya bure, iliyotengenezwa juu ya sehemu ambazo hazina intaneti. Unaiweka mu kompyuta moja. Mara moja tu, mahali penye intaneti nzuri, unashusha masomo, hata yale ya Khan Academy ya Kifaransa. Kisha kompyuta ile moja inagawia zingine, na hata simu, kwa Wi-Fi ya mu chumba, bila mega hata moja. Mwalimu anaweza kuona kila mwanafunzi amefika wapi. Kuko pia Kiwix, inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima ya Kifaransa mu simu ao ku flash, uisome ukiwa Kibumba ao Sake, popote hakuna réseau.

Mufikiri basi. Kompyuta moja nzuri, mashini za zamani tano zinazowaka bado, na panel ya jua ku paa. Kwa vitu hivyo, kartie nzima inaweza kuwa na maktaba ya masomo ya juu. Hatuzungumzii mamilioni.

Jambo la tatu, ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote: watu. Na hapa tunajigeukia sisi wenyewe.

Goma iko na vijana wengi waliomaliza hesabu, fizikia, informatike, udaktari, polytechnique, na wanaamka asubui bila mahali pa kwenda. Upande mwingine kuko watoto wanaotafuta mtu mmoja tu wa kuwaelezea integrale. Makundi haya mawili yanapitana kila siku mu barabara bila kusalimiana. Mongolia walimtafuta mtu ku Stanford. Sisi, mtu huyo anakaa parselle ya pili.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kila kartie ianzishe kundi ndogo la masomo ya juu, wanafunzi wasipite 15. Kundi linachagua kozi moja, si tano. Linakutana mara mbili kwa juma, saa mbili mbili: sehemu ya kwanza kila mtu anafanya mazoezi ku daftari, sehemu ya pili mmoja anasimama mbele na kueleza wenzake. Mwenye kueleza njo anaelewa. Mgraduate mmoja ao wawili wanaongoza, na kama hawajui jibu, wanasema "hatujui, tutafute pamoja". Hakuna kulipisha mtoto. Anayependa kusaidia alete kalamu, chaki, ao chai.

Wazazi, sasa tunawageukia nyinyi, kwa heshima. Tunawaomba jambo moja: wasichana. Mu nyumba zetu, kijana akiwa na akili, wanasema "mumuache asome". Dada yake akiwa na akili sawa, bado anachota maji, anapika, analea mtoto, na anafungua daftari saa ine ya usiku, amechoka. Kisha tunauliza kwa nini vijana wako mbele mu hesabu. Mumpe saa mbili kwa juma, mara mbili. Kaka yake anaweza kubeba bidon. Haitamvunja mgongo.

Na musiogope simu mukifikiri kila mtoto aliye nayo anacheza. Muulize: "Unionyeshe leo umejifunza nini." Hata kama hamuelewi hesabu yenyewe, mtoto anayejua kwamba jioni ataulizwa, anasoma.

Walimu na ma prefe, nyinyi hatuwaombi kazi ya bure juu ya ile munayofanya. Tunawaomba mfungulie mlango. Mu muji huu kuko shule zenye chumba cha kompyuta ambacho wazazi wanalipia kila mwaka, na kufuli lake limeshika kutu. Wanafunzi wanakijua kwa kupitia dirishani tu. Kompyuta inayofungiwa inakufa kama ile inayotumiwa. Tofauti ni kwamba inakufa bila kumfundisha mtu.

Kwa viongozi wa jimbo na wa inchi, hapa hatuombi, tunadai. Katiba yetu ya 2006, mu artikle ya 43, inasema kila mtu ana haki ya elimu ya shule. Masomo ya msingi yalifanywa bure kuanzia mwaka wa shule wa 2019. Ni hatua, tunaitambua. Lakini mtoto anayefika humanité anaachwa na minervali na prime ku mgongo wa wazazi, na kama ana kipaji cha pekee, hakuna anayemuona mpaka siku ya exetat. Basi tunadai haya:

Kwanza, feza zote zinazolipwa na wazazi kwa jina la informatike zionyeshwe: zimeingia ngapi, zimenunua nini. Karatasi ibandikwe ku ukuta wa shule, kila mtu asome.

Pili, vyumba vya kompyuta vya shule za Serikali vifunguliwe kisha masomo na siku ya posho, kwa wanafunzi wa kartie nzima.

Tatu, kila maktaba ya watu wote na kila chumba cha vijana cha komini kiwekwe masomo ya bila intaneti. Programu ni za bure. Hakuna kisingizio cha bajeti.

Ine, bei ya mega kwa masomo. Mukumbuke RAM. Mwaka 2020 walianza kukata unité zetu, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G, bila kutuuliza. Raia wakakataa, wakasema, wakaandamana, na mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Kama tuliweza kuondoa ile, tunaweza pia kudai kampuni za simu na mamlaka inayozisimamia ziache tovuti za masomo zisomwe bila kukata mega.

Kuko mtu atasema: "Inchi iko mu vita, watu wanalala mu makambi, na nyinyi munaleta maneno ya watoto wenye akili? Si muwahurumie kwanza wanaoshindwa?" Tunamsikia. Lakini hatumnyanganyi mtu ili tumpe mwingine. Chumba kikifunguliwa, wote wanaingia. Yule mwenye akili mingi akijifunza kueleza wenzake, mwalimu mwenye watoto 70 anapata msaidizi. Tena, mu makambi kuko pia watoto wenye vipaji, wamekimbia na bulletin zao mu mfuko wa plastiki. Vita haichagui wajinga peke yao. Na sisi hatukubali kwamba mtoto wa mtu mwenye dola asome inje, na mtoto wa muuza ndizi mwenye kichwa sawa na chake ashikwe na mlango uliofungwa. Hilo si bahati mbaya, ni kukosa haki, na kukosa haki njo kazi yetu.

Wadogo zetu, tumalizie kwenu. Mtu asikudanganye eti kipaji ni zawadi ya kujivunia. Ni deni. Mama aliyeuza makala ili ulipe shule anakudai. Darasa lililokupigia makofi linakudai. Siku mlima utaamka tena, muji huu wote utakudai. Anza na zoezi moja leo. Kesho lingine. Usingoje wakubwa wapange kila kitu, lakini usikubali pia kutembea peke yako.

Mwenye yuko na mashini isiyotumika, ailete. Mgraduate mwenye yuko na saa ine kwa juma, ajiandikishe mbele ya kutoka hapa. Meza iko pale mlangoni, daftari liko wazi. Mwanafunzi mwenye anamjua mwenzake anayesinzia mu darasa sababu somo ni jepesi kwake, aje naye mara ijayo.

Siku ya posho inayokuja, saa nane, tunaanza. Kozi ya kwanza ni hesabu. Mulete daftari.